Maji ya mboji kabla ya kiangazi: mwongozo kwa wakulima wa mboga Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Bustani ya sukuma wiki, managu au nyanya ambayo majani yake yamefunika ardhi hupoteza takriban milimita 4 hadi 5 za maji kwa siku katika joto la Januari na Februari. Hiyo ni lita 4 hadi 5 kwa kila mita moja ya mraba, kila siku. Kiasi cha maji ya mboji (maji yaliyolowekewa mboji iliyoiva, kisha yakachujwa) kinachopendekezwa hapa chini ni karibu lita 2 kwa mita ya mraba kila baada ya wiki 2. Hata nusu ya hitaji la siku moja haifiki. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba maji ya mboji yanachukua nafasi ya kumwagilia anakupoteza.

Kazi yake ni nyingine, nayo ni kujenga mizizi. Mboji iliyoiva ina asidi za humiki, zile zinazoyapa maji rangi ya kahawia, na zikifika kwenye mzizi mchanga huuchochea kutoa matawi mengi na nywele nyingi. Mzizi wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka eneo kubwa zaidi la udongo. Mboji ina potasiamu pia, madini ambayo mmea huyatumia kufungua na kufunga vitundu vya majani ambamo mvuke hutoka. Halafu kuna bakteria wanaoishi ubavuni mwa mizizi: baadhi yao hupunguza etilini, homoni ambayo mmea wenye kiu huitoa kwa wingi na ambayo hudumaza mizizi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokea kwa siku mbili, wala kwenye udongo uliokwisha kukauka. Mizizi hukua udongo ukiwa na unyevu. Ndiyo maana mkulima anayesubiri sukuma inyauke ndipo atafute pipa amechelewa wiki nne au tano. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo: maji ya mboji hutumika kitaluni na katika mwezi wa kwanza shambani, mvua ikiwa bado ipo.

Mboji yenyewe

Ukiwa na mboji ya kutosha shamba zima, iweke shambani, ndoo moja ya lita 10 kwa mita ya mraba, uichanganye na udongo wa juu. Hiyo itashikilia maji kuliko pipa lolote la maji ya mboji. Tunakamua maji kwa sababu wakulima wengi wana rundo dogo na shamba kubwa kuliko rundo.

Malighafi si shida katika sehemu hizi. Mabua ya mahindi yapo kila mahali, na Ahero kuna maganda ya mpunga. Kuzunguka viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil kuna makapi ya miwa. Kando ya barabara na kwenye ua wa maboma kuna tithonia, yale maua ya njano ambayo Waluhya huyaita amalulu kwa uchungu wake. Ithamini sana. Majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, kiwango ambacho samadi nyingi za ng'ombe hazikifikii. Mgomba uliokatwakatwa nao una potasiamu nyingi. Gugumaji la Ziwa Victoria linaoza haraka na linafaa, ila usilitoe karibu na mitaro ya maji taka ya mji, kwa sababu linafyonza metali nzito na kukuletea shambani.

Panga rundo la upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2 hadi 1.5. Chini ya hapo halishiki joto. Katakata mabua vipande vya sentimita 5 hadi 10. Weka tabaka la vikavu, tabaka la vibichi, kisha samadi, ukinyunyiza maji kila tabaka. Ukikamua konzi ya mchanganyiko, matone mawili matatu yatoke, yasitiririke. Choma fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku 3 hadi 5 ukiichomoa iwe moto kiasi cha kukufanya uiachilie. Geuza rundo kila siku 3 katika wiki mbili tatu za kwanza, kisha mara moja kwa wiki hadi lipoe. Joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, rundo likigeuzwa angalau mara 5, ndiyo kanuni inayotumiwa Marekani katika kilimo hai ili kuua viini vya magonjwa vya kwenye samadi. Ifuate hapa pia, maana maji haya utayamwaga kwenye mboga ya kuliwa.

Baada ya joto kuisha, acha mboji iive wiki 4 hadi 8 chini ya kivuli, imefunikwa majani ya migomba. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Mboji changa bado ina amonia na asidi zinazochoma nywele za mizizi, yaani inaharibu kitu kilekile unachotaka kukijenga.

Vipimo viwili vya kuiva havigharimu chochote. Cha kwanza: jaza mfuko wa plastiki kwa mboji yenye unyevu, ufunge vizuri, uweke ndani ya nyumba siku 3. Ukiufungua ukasikia harufu ya udongo ulionyeshewa, iko tayari. Ukisikia uvundo au harufu kali inayopanda puani, irudishe kwenye rundo. Cha pili: chukua sahani mbili, utandike karatasi ya shashi, uweke mbegu 20 za sukuma kila sahani. Moja iloweshe kwa maji matupu, nyingine kwa maji ya mboji hiyo. Siku ya nne hesabu zilizoota na upime vimizizi kwa rula. Ikiwa sahani ya maji imeotesha 20 na ya mboji imeotesha chini ya 16, au vimizizi vyake ni vifupi na vina ncha za kahawia, mboji hiyo haifai bado.

Maji ya kukamulia

Maji ya mvua ndiyo bora. Paa la mabati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hukupa zaidi ya lita 300 hata ukitoa zile zinazorukia nje, kwa hiyo mvua moja nzuri inajaza pipa na kubaki.

Maji ya mfereji wa mji yana klorini ya kuua vijidudu, na haichagui vijidudu vya mboji. Yamimine kwenye pipa lililo wazi usiku kucha, ukiyakoroga mara mbili tatu, ndipo uyatumie.

Wenye visima virefu Nakuru wawe macho. Maji mengi ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floraidi na magadi. Mwaga kikombe kwenye sufuria nyeusi, uache yakauke juani: yakiacha utando mweupe mzito, tafuta maji mengine. Maji ya Ziwa Nakuru ni ya chumvi na magadi, hayamwagiliwi kitu. Ya Naivasha na ya Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hayana tatizo hilo.

Kukamua, hatua kwa hatua

Unahitaji pipa la lita 200 lililosafishwa (lisiwe lililobeba dawa za shambani), debe, gunia la katani au mfuko wa kitambaa kinachopitisha maji, kamba, na mti wa kukorogea.

1. Jaza debe moja la mboji iliyoiva, lita 20, ambalo huwa na uzito wa karibu kilo 10 hadi 12. Litie kwenye gunia na ulifunge kwa ulegevu, mboji ipate nafasi ya kucheza ndani.

2. Tia maji lita 170 kwenye pipa. Usijaze hadi ukingoni, utahitaji nafasi ya kukoroga.

3. Tumbukiza gunia, ulininginize kwa kamba kutoka kwenye mti uliolazwa juu ya pipa. Lisikae chini. Likilala kwenye sakafu ya pipa, katikati yake hewa huisha upesi na uozo huanza.

4. Kwa dakika 5 lipandishe na kulishusha, ulikamue kwa mikono. Vaa glavu. Rudia mara 3 au 4 kwa siku. Kila mara koroga pipa zima hadi maji yafanye kizingia katikati, kwani ndivyo hewa inavyoingia.

5. Baada ya saa 24 toa gunia. Maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea na harufu ya udongo. Usiyaache zaidi ya saa 48 kwa kudhani yatazidi nguvu. Bila hewa ya kutosha yatageuka, na utajua kwa pua kabla ya macho.

6. Chuja kwa kitambaa, uyatumie siku hiyohiyo. Masalia ya gunia yarudishe kwenye tuta au kwenye rundo.

Kwa bustani ndogo ya nyuma ya nyumba, lita 2 za mboji kwenye ndoo yenye lita 17 za maji ni kipimo kilekile.

Molasi tuizungumzie, kwa sababu huku kwenye miwa ni rahisi kupata na wengi huitia wakiamini inalisha vijidudu. Ni kweli inawalisha, wakiwemo wale wa kuharisha, kama walisalia kwenye samadi. Tena wakizaliana kwa kasi hiyo humaliza hewa yote ya pipa kwa saa chache. Usiitie. Mashine ya kupuliza hewa nayo si lazima kwa kazi hii ya mizizi. Mkono wako na mti wa kukorogea vinatosha.

Usiyahifadhi kwenye mitungi. Vijidudu vinaendelea kupumua ndani, mtungi unavimba, na ukiufungua baada ya wiki utakuta kitu kingine kabisa.

Usichanganye na chai ya samadi

Kosa hili huleta hasara kuliko mengine, na hufanywa na wakulima wenye bidii. Chai ya samadi mbichi, au ya majani mabichi ya tithonia yaliyoozeshwa majini wiki mbili, ni mbolea ya nitrojeni. Inafaa mvua ikiwa nyingi. Ukiimwagia sukuma wiki mbili kabla ya jua kali, itatoa majani mapana, laini, ya kupendeza, na kila jani jipya ni mlango mpya wa kupotezea maji. Mizizi inabaki palepale. Jua likija, shamba hilo ndilo la kwanza kulala chini mchana. Maji ya mboji iliyoiva yana nitrojeni kidogo, na kwa ajili ya kiangazi huo ndio uzuri wake. Usihukumu kwa ukijani wa majani.

Vipimo vya kutumia

Kitaluni: changanya kipimo 1 cha maji ya mboji na vipimo 10 vya maji. Anza miche ikiwa na majani mawili ya kweli (usihesabu yale ya kwanza yanayotoka na mbegu), mara moja kwa wiki, kwa kopo la kumwagilia lenye matundu madogo. Siku 7 hadi 10 za mwisho kabla ya kupandikiza punguza maji ya kawaida polepole ili miche ikomae.

Siku ya kupandikiza: changanya 1 kwa 3, uloweke mizizi dakika 10 hadi 15 kwenye beseni lililo kivulini, kisha upande jioni. Mimina nusu lita ya mchanganyiko huohuo kwenye kila shimo.

Shambani: 1 kwa 3, nusu lita kwa kila mche, wiki ya 2 na wiki ya 4 baada ya kupandikiza, kisha kila baada ya wiki 2 hadi 3 maadamu udongo una unyevu. Pipa moja litakupa kama lita 160 zilizochujwa, ukizizimua upate 640, zinazotosha miche 1,280. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 hiyo ni zaidi kidogo ya mita za mraba 340.

Mimina shinani, si juu ya majani. Dania, letasi na mboga nyingine zinazoliwa mbichi usizipulizie kabisa. Nyanya za kachumbari zimwagilie chini tu na uzifunge kwenye miti zisiguse udongo. Ukipitisha kwenye mipira ya matone, chuja mara mbili kwa kitambaa kizito na umalizie kwa kupitisha maji safi dakika 15, la sivyo matundu yataziba.

Udongo ukiwa umekauka, usimwage maji ya mboji moja kwa moja. Mwagilia kwanza maji matupu, subiri saa moja, ndipo uyatie. Yana chumvichumvi, na kwenye udongo mkavu chumvi huvuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuupa. Mboji iliyotokana na samadi ya kuku ina chumvi nyingi zaidi, kwa hiyo izimue mara mbili ya vipimo hivi. Maharagwe na karoti ndizo zinazoumia mapema kuliko nyingi. Nyanya huvumilia kiasi. Ukiona kingo za majani zinakauka kahawia siku chache baada ya kumwaga, ni chumvi: mwagilia maji matupu, uache maji ya mboji hadi mvua.

Na usichanganye kwenye bomba moja na dawa za kopa, yaani dawa za ukungu zenye shaba. Zinaua bakteria uliowatafutia taabu yote hiyo.

Neno kuhusu poda za kuvu wa mizizi zinazouzwa ziongezwe kwenye pipa: kuvu hao hawaishi na jamii ya sukuma na kabichi, wala mchicha na spinachi haziwategemei. Nyanya, hoho, kunde na vitunguu huwakaribisha. Kama shamba lako ni la sukuma, okoa pesa zako.

Udongo wako unabadilisha mambo

Njoro, Bahati, Gilgil: udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, hupitisha maji haraka. Gawanya kipimo: robo lita kila wiki badala ya nusu lita kila wiki mbili, vinginevyo sehemu ya ulichomwaga inapita chini ya mizizi.

Uwanda wa Kano, kuanzia Ahero kuelekea Nyando, ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka. Nyufa zikishafunguka, maji yanaingia ufani na kutoweka, huku pembeni mwa mche pakibaki pakavu. Ziba nyufa kwa kupalilia juujuu kabla hazijawa pana, lowesha, kisha tandaza.

Vihiga, Kakamega na sehemu za Busia kuna udongo mwekundu wenye asidi. Asidi ikizidi, alumini huyeyuka kwenye udongo na kuchoma ncha za mizizi, na mzizi uliochomwa hauchochewi na kitu chochote. Pima udongo. Ikiwa pH, yaani kipimo cha asidi, iko chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo miezi miwili mitatu kabla ya kupanda. Kwa ndugu zetu wa huko, gunia la chokaa linakuja kabla ya pipa.

Kila mahali, tandaza nyasi kavu au mabua unene wa sentimita 5 hadi 8 mara tu unapomaliza kumwaga, ukiacha sentimita 5 wazi kuzunguka shina ili lisioze. Bila matandazo jua linakausha tabaka la juu, na hapo ndipo nywele changa za mizizi zilipo. Ukilazimika kuacha moja kati ya kazi hizi, acha maji ya mboji, usiache matandazo.

Kalenda na kupima matokeo

Kwa kiangazi kinachoanza mwishoni mwa Desemba: mboji ianze kupangwa Julai, ili iwe tayari Oktoba. Sia mbegu mwanzoni mwa Oktoba, pandikiza mapema Novemba mvua za vuli zikinyesha, mwaga katikati ya Novemba na mwanzoni mwa Desemba, tandaza. Januari ikifika, kazi ya mizizi iwe imekwisha na kilichobaki ni kumwagilia maji kidogo ulionayo asubuhi na mapema. Wakati huo vuna sukuma kutoka chini, kila shina libaki na majani 5 au 6. Majani mengi kuliko hayo yanakunywa tu.

Acha mistari miwili bila maji ya mboji, katikati ya shamba na si pembeni, uipe kila kitu kingine sawasawa. Wiki ya 5 chimbua mche mmoja kila upande kwa jembe, mbali na shina sentimita 20, uinue taratibu na kuutikisa mara moja. Mche uliofaidika hutoka na mizizi membamba mingi iliyovishwa udongo unaong'ang'ania kama soksi, na ukiuosha kwenye karai unaona nywele nyeupe hadi karibu na ncha. Mche wa upande mwingine hutikisika ukabaki na mizizi michache myeupe mitupu. Mizizi ikifanana pande zote mbili, usiongeze mapipa. Rudi kwenye kipimo cha mbegu cha sahani mbili, kisha pH, kisha tarehe ulizomwaga, kwa mpangilio huo. Na mchana wa kiangazi, saa nane hivi, tembea kati ya mistari uandike ipi imeanza kulegea. Iliyolegea mchana lakini ikasimama jioni bado ina mizizi inayofanya kazi. Ile inayoamka asubuhi ikiwa bado imelala inahitaji maji siku hiyo, na maji matupu.